Waliouguza Kabla ya Mashine: Matunzo ya Nyumbani na Maradhi ya Figo katika Ufuo wa Kisumu

Kitenzi kuuguza kina maana mbili ambazo Kiswahili hakikuona haja ya kuzitenga: binti anayemlisha mama yake uji kitandani na kumgeuza ubavu usiku anauguza, na mtu aliyesomea kazi hiyo chuoni, akasajiliwa na kuajiriwa hospitalini, huitwa muuguzi. Historia ya tiba katika ufuo wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, kuanzia Busia na Siaya kupitia Kisumu hadi Homa Bay na Migori, inaweza kusomwa kuwa historia ya mvutano baina ya maana hizo mbili, kwa kuwa kila ugonjwa mkubwa uliopita hapo ulizusha upya swali la nani anauguza, wapi, na kwa gharama ya nani. Usafishaji wa damu kwa wagonjwa wa figo, na hasa ule unaofanywa nyumbani kwa mgonjwa chini ya uangalizi wa kikundi cha wataalamu na jamaa, ndio sura ya karibuni zaidi ya swali hilo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba kikundi cha aina hiyo kilikuwapo katika ufuo huu miaka mingi kabla ya mashine ya kwanza ya figo kufika, na mashine zilipofika zilipita kando yake.

Figo ni chujio la mwili: huondoa maji ya ziada, chumvi na taka zitokanazo na chakula na kazi ya misuli. Zinaposhindwa kabisa, mgonjwa hupandikizwa figo ya mtu mwingine, au damu yake husafishwa kwa njia ya bandia, au hufa baada ya muda mfupi. Usafishaji huo, uitwao pia dayalisisi, una namna mbili. Katika hemodayalisisi damu hutolewa kupitia mshipa ulioandaliwa mkononi kwa upasuaji au kupitia mpira uliowekwa shingoni, ikapitishwa kwenye chujio la mashine na kurudishwa mwilini, kazi ambayo kwa kawaida huchukua saa 4 kwa kikao kimoja. Katika dayalisisi ya tumbo, utando mwembamba unaozunguka matumbo ndio unaofanywa chujio: maji maalumu yenye sukari na madini humiminwa tumboni kupitia mpira mdogo uliopandikizwa ukutani mwa tumbo, hukaa humo kwa saa kadhaa yakivuta taka kutoka katika damu, kisha humwagwa na mengine kutiwa. Namna hii ya pili, ikifanywa kwa mikono, haihitaji mashine wala umeme, na inaweza kufanywa nyumbani kwa mgonjwa.

Kabla ya ukoloni, wagonjwa wa ufuo huu waliuguzwa bomani, katika dala kama wasemavyo Wajaluo, na mtaalamu wa karibu alikuwa nyamrerwa, yaani mwanamke mwenye ujuzi wa uzalishaji, wa maradhi ya watoto na wa dawa za mitishamba, ambaye alikwenda alikoitwa badala ya kungoja kufuatwa. Reli ya Uganda ilipofika ziwani mwezi Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence kabla ya jina la Kisumu kushika, ilikuta na yenyewe ikaongeza maradhi ambayo boma peke yake halikuyaweza. Malale yalikuwa yakiwaangamiza watu wa mwambao na visiwa, hata sehemu nyingine zikahamwa. Na miongoni mwa wageni waliofuata reli kulikuwa na homa ya mkojo mweusi, ambayo ni malaria kali inayopasua chembe nyekundu za damu hadi mkojo ukageuka rangi na figo zikaacha kufanya kazi. Wakati huo hapakuwa na dawa ya figo zilizozimika mahali popote duniani, na daktari wa serikali hakuwa na cha kumzidi nyamrerwa isipokuwa kumpa mgonjwa maji, kumpumzisha na kusubiri.

Serikali ya kikoloni iliitazama nyumba ya Mwafrika kama chanzo cha maradhi zaidi ya kuiona kuwa mahali pa tiba. Mtazamo huo ulionekana hata kwa waliokuwa marafiki wa wenyeji: Kasisi Walter Edwin Owen wa Kanisa la Kianglikana, aliyekuwa na cheo cha akidikoni, alipokishika mwaka 1923 chama cha madai ya kisiasa cha vijana wa Maseno na kukigeuza kuwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo, wanachama walitakiwa waahidi kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Wanahistoria wengi wamekicheka chama hicho kwa kuipoza siasa, na wana sababu. Lakini ni humo ambamo, pengine kwa mara ya kwanza, kaya za Nyanza zilitazamwa kuwa mahali ambapo afya hutengenezwa.

Hospitali nazo zilikua polepole, za misheni kama ile ya Maseno, za serikali, na ya jumuiya ya Aga Khan mjini Kisumu, hadi ikajengwa hospitali kubwa ya mkoa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti, ambayo wenyeji mpaka leo huiita Russia. Jengo hilo lilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta tarehe 25 Oktoba 1969 katika siku iliyomalizika kwa risasi na vifo, na baadaye likapewa jina la Jaramogi Oginga Odinga, ambaye uhusiano wake na Moscow ndio uliolileta. Hospitali kubwa haikumwondoa jamaa. Aliyelazwa alikuja na ndugu wa kumletea chakula, kumfulia na kumsemea mbele ya daktari, na kazi ya ndugu huyo haikuandikwa katika daftari lolote.

Mgeuko wenye uzito ulitokea nje ya mji, huko Asembo katika Siaya, mwishoni mwa miaka ya 1970, ambapo parokia ya Kianglikana ya Saradidi ilianzisha mpango wa afya ya vijijini uliohusishwa hasa na daktari Dan Kaseje. Msingi wake ulikuwa kwamba kijiji chenyewe kichague mtu wa kukisaidia, afundishwe kwa muda mfupi, kisha arudi kuishi na kulima kama kawaida huku akiwashauri majirani zake juu ya maji safi, lishe ya watoto na uzazi, na, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwapa klorokwini walioshikwa na homa. Kwa lugha ya leo jambo hilo ni la kawaida, ila kwa wakati ule lilikuwa la ujasiri, kwa sababu dawa ilitoka mikononi mwa kliniki na kuwekwa nyumbani kwa mkulima asiye na cheti. Mpango huo ulichunguzwa kwa makini, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1987 katika toleo zima la nyongeza la jarida la kimataifa la tiba ya nchi za joto, heshima ambayo vijiji vichache vya Afrika viliwahi kupata. Umaarufu huo haukuondoa tatizo ambalo lingerudi kila mara baadaye: wasaidizi wa Saradidi walifanya kazi bila mshahara, na wema wa mtu mwenye shamba la kupalilia na watoto wa kusomesha una mpaka. Kaseje aliliendeleza wazo hilo katika taasisi ya afya ya jamii aliyoiasisi Kisumu, ambayo baadaye ilikua na kuwa Chuo Kikuu cha Maziwa Makuu cha Kisumu.

Kilichoifanya nyumba iwe wodi kwa maana kamili kilikuwa UKIMWI. Rais Moi alipoutangaza kuwa janga la kitaifa mwezi Novemba 1999, Nyanza ilikuwa imekwisha kuzika watu kwa miaka mingi, wengi wao wakisemekana kufa kwa chira, yaani ugonjwa wa kukonda unaoaminika kumpata aliyevunja mwiko. Na hata mwaka 2007, uchunguzi wa kitaifa ulipopima damu, takriban asilimia 15 ya watu wazima wa mkoa huo walikutwa na virusi. Vitanda havikutosha, na hospitali zilianza kuwarudisha wagonjwa makwao kwa jina lililopewa sura ya sera, matunzo ya nyumbani, ambayo wizara ya afya iliyatolea mwongozo wa kitaifa mwaka 2002. Katika mitaa ya Kisumu kama Nyalenda, mpango wa Kikatoliki wa Pandipieri, ulioanzishwa na mapadre wa Mill Hill akiwamo Mholanzi Hans Burgman, ulikuwa tayari umezoea kuwafikia maskini mlangoni, kwa hiyo haukuhitaji kuanza upya. Kikundi kilichomzunguka mgonjwa kilikuwa na muuguzi wa kliniki, mhudumu wa kujitolea wa mtaa, jamaa mmoja aliyefundishwa kuvaa glavu na kuosha vidonda, na mara nyingi mtu wa kanisa. Kwa kuwa vijana ndio waliokuwa wakifa, jamaa huyo aghalabu alikuwa nyanya.

Wakati dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kutolewa bure katika hospitali ya serikali ya Homa Bay mwaka 2001, kwa kazi ya Madaktari Wasio na Mipaka, kikundi hicho kilibadilika tena. Hakikuwa tena cha kumsindikiza mtu kaburini. Kilikuwa cha kumweka hai kwa miaka, kumkumbusha saa ya vidonge, kumtafuta asipofika kliniki hata kama amevuka na mtumbwi kwenda kuvua kisiwani. Hapo ufuo huu ulijifunza jambo ambalo nchi nyingi zenye hospitali nyingi hazikulazimika kujifunza kwa haraka vile, kwamba ugonjwa usiopona unaweza kutunzwa nyumbani mradi pawe na daftari, dawa isiyokatika na mtu wa kugonga mlango. Ndio ujuzi unaohitajiwa na dayalisisi ya nyumbani, na hakuna aliyeuliza habari zake.

Wakati huohuo, mbali na ziwa, usafishaji wa damu ulikuwa na historia yake. Willem Kolff aliunda mashine ya kwanza ya figo iliyofaa kwa matumizi ya hospitalini huko Kampen, Uholanzi, mwaka 1943 wakati wa vita. Belding Scribner wa Seattle alibuni mwaka 1960 mpira wa kudumu uliowezesha mgonjwa kuunganishwa na mashine mara kwa mara. Na kufikia mwaka 1964, kwa kuwa mashine za hospitali zilikuwa chache mno, wagonjwa wa kwanza walikuwa wameanza kusafishwa damu majumbani mwao Marekani na Uingereza. Huko ndiko kikundi cha dayalisisi ya nyumbani kilikozaliwa: daktari wa figo, muuguzi ambaye kazi yake kuu ikawa kufundisha, fundi wa mashine, mtaalamu wa lishe, ofisa wa ustawi wa jamii, na mke, mume au mzazi aliyefundishwa kwa majuma hadi akaweza. Mwaka 1976 wataalamu wa Austin, Texas, walieleza dayalisisi ya tumbo inayoendelea usiku na mchana huku mgonjwa akitembea, na muda mfupi baadaye Toronto ikabadilisha chupa za kioo kwa mifuko ya plastiki, hata mtu akaweza kuukunja mfuko mtupu chini ya nguo yake.

Kilichofuata Marekani kinastahili kukumbukwa na kila apangaye bima. Mwaka 1973, wakati sheria ya kuwalipia wagonjwa wote wa figo ilipoanza kutumika, karibu asilimia 40 ya wagonjwa waliosafishwa damu walikuwa wakifanya hivyo nyumbani. Katika miaka michache sehemu hiyo iliporomoka, kwa kuwa utaratibu wa malipo ulivipendelea vituo. Hong Kong iliamua kinyume: kuanzia mwaka 1985 ilifanya dayalisisi ya tumbo kuwa tiba ya kwanza katika hospitali za umma, na wagonjwa wake wengi wakabaki nyumbani. Kemia ya damu ni ileile kwa watu wote, na tofauti hiyo ilitoka katika daftari la mlipaji.

Afrika Mashariki haikuwa nje ya elimu ya figo. Huko Mulago, Kampala, daktari John Kibukamusoke aliandika kwa kina katika miaka ya 1960 na 1970 juu ya malaria ya siku ya nne na namna inavyowavimbisha watoto kwa kuharibu figo, habari inayowahusu moja kwa moja watu wa ziwa hilo hilo. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, madaktari na wauguzi walianza kutumia dayalisisi ya tumbo kuwaokoa watu ambao figo zao zilizimika ghafla, wakionyesha kwamba inawezekana pasipo mashine. Nchini Kenya, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilikuwa na kitengo cha figo tangu miaka ya 1980, na kwa muda mrefu mgonjwa wa Kisumu asiye na fedha za hospitali ya binafsi alikabiliwa na safari ya kilomita 350 hivi hadi Nairobi, safari ambayo kwa tiba ya kila juma ilikuwa na maana ya kuhama au kukata tamaa.

Mwezi Februari 2015 serikali ya taifa ilitia saini mikataba ya kukodi vifaa kwa miaka 7 kwa ajili ya hospitali 98, na sehemu ya figo ikapewa kampuni ya Italia iitwayo Bellco. Mpango huo ulizua ugomvi mkubwa kati ya magavana na serikali kuu, na baadaye Seneti iliuchunguza. Hata hivyo haifai kuficha kwamba ndio uliozipeleka mashine za kusafisha damu katika hospitali za rufaa za kaunti, zikiwamo za Siaya, Homa Bay na Migori, mahali ambapo kizazi kimoja nyuma hakuna aliyezitarajia. Bima ya taifa ya wakati huo, NHIF, ikakubali kulipa Sh9,500 kwa kikao, vikao viwili kwa wiki, na mamlaka iliyochukua nafasi yake tarehe 1 Oktoba 2024 ikaja kupandisha kiwango hadi Sh10,650. Mashine zilikodiwa kwa hospitali, na bima ikahesabu vikao, kwa hiyo kitu kilichoweza kulipwa kwa urahisi kilikuwa mwili uliofika kitandani karibu na mashine. Dayalisisi ya tumbo ilibaki kuwa tiba ya wachache sana nchini, na maji yake hununuliwa ng'ambo. Kosa la Marekani la mwaka 1973 lilirudiwa Kenya bila mtu kukusudia, na kwa nia njema, jambo linalofanya liwe gumu zaidi kulirekebisha.

Hoja ya upande wa pili, wa wanaotilia shaka tiba ya nyumbani, ina nguvu yake. Mgonjwa anayebadilisha maji mara 4 kwa siku, mfuko wa lita 2 kila mara, hutumia lita 8 kila siku na takriban lita 240 kwa mwezi, ambazo ni shehena ya kupakiwa kwenye gari hadi Luanda Kotieno au Mbita na kisha mtumbwini hadi kisiwa cha Mfangano; anahitaji chumba kisicho na vumbi, sabuni, maji safi ya kunawa mikono, na nidhamu ya mtu asiyechoka, kwa maana vijidudu vikiingia kupitia mpira utando wa tumbo huvimba, maji yatokayo huwa na ukungu, na mgonjwa anaweza kufa. Katika nyumba ya chumba kimoja katika mtaa wa Manyatta, Kisumu, masharti hayo si mepesi. Lakini mashine nayo ina masharti: kikao kimoja cha hemodayalisisi hupitisha karibu lita 120 za maji yaliyosafishwa kwa mitambo, katika mji uliokaa juu ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika na bado ukajua mifereji mikavu, na umeme ukikatika damu ya mtu huwa nje ya mwili wake. Kulinganisha nyumba mbovu na hospitali kamilifu, kama ifanyikavyo mara nyingi katika mijadala hii, ni kulinganisha kitu kilichopo na kisichopo.

Kuhusu watu, kikundi cha dayalisisi ya nyumbani kimekaribia kukamilika bila kuitwa kwa jina hilo. Chuo cha mafunzo ya utabibu cha KMTC hufundisha wauguzi wa figo, na Chuo Kikuu cha Nairobi kilipewa taasisi ya figo ya Afrika Mashariki kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mkakati wa afya ya jamii wa mwaka 2006 uliitambua kaya kuwa ngazi ya kwanza ya mfumo wa afya, na tarehe 25 Septemba 2023 wahudumu 100,000 wa afya ya jamii walizinduliwa rasmi Nairobi, kila mmoja akipewa kaya 100 hivi, posho ya Sh5,000 kwa mwezi inayochangiwa nusu kwa nusu na serikali kuu na kaunti, na mfuko wenye kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari. Miaka zaidi ya arobaini baada ya Saradidi, malipo yaliingia, japo kidogo, na vipimo walivyopewa ni vya maradhi mawili yanayoongoza kwa kuharibu figo. Mhudumu huyo anaweza kumkuta mgonjwa miaka mingi kabla ya daktari wa figo.

Na hata pale tiba inapofanyika hospitalini, nyumba haikuondolewa katika hesabu. Vikao viwili vya saa 4 ni saa 8 kati ya saa 168 za wiki. Saa 160 zinazobaki mgonjwa yuko kwao, figo zake zikiwa hazifanyi kazi, na kila anachokula na kunywa kinamsubiri ndani hadi kikao kijacho. Hapo ndipo muuguzi wa maana ile ya kwanza anaporudi. Huyo ndiye anayepima kwa kikombe maji ya siku nzima chini ya jua la Kisumu, anayeondoa chumvi mchuzini bila kuwanyima wengine, anayejua kwamba omena huliwa na mifupa yake na kwa hiyo hubeba fosforasi nyingi ambayo figo mbovu haziwezi kuitoa. Maarifa ya jikoni ya ufuo huu humpinga: maji ya majivu ya mimea, ambayo kote magharibi mwa Kenya hutumiwa kulainisha mboga, yamejaa potasiamu, madini yanayoweza kusimamisha moyo wa mgonjwa wa figo, na osuga na dek, mboga chungu ambazo wazee walifundisha zitiwe maziwa na kupikwa upya siku mbili au tatu hadi uchungu uishe, sasa zinapaswa kuchemshwa kwa maji mengi, maji hayo yamwagwe, na maziwa yapunguzwe. Mtaalamu wa lishe anaweza kulieleza hilo kwa dakika kumi kliniki. Kulitekeleza kila jioni, katika sufuria ambayo familia yote hula, ni kazi ya mtu mwingine, ambaye kwa kawaida huachwa kwenye benchi nje ya kitengo cha figo kwa saa zote 4, akishika kitambulisho na kadi ya bima ya mgonjwa wake.